Nani ashike ufunguo: namna ya kuchagua usimamizi wa fedha za NDIS

Kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu wa zoni tofauti za kambi, na sanduku lenyewe lililala kwa mama wa nne. Mimi nilikuwa katibu, kazi yangu daftari. Kwa miaka sita sikuona hata shilingi moja ikipotea. Kabla ya mtu yeyote kuweka senti ya kwanza tulikuwa tumekaa chini ya mti tukabishana mchana kutwa: nani ashike ufunguo, na kwa nini awe yeye.

Swali hilohilo nilikuja kuulizwa hapa Logan, kusini mwa Brisbane, Australia, mwaka 2019. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Hatembei, na mengi anayasema kwa macho na kwa tableti yake ya mawasiliano. Siku ya mkutano wa mpango wake wa kwanza wa NDIS, ule mfumo wa taifa wa kugharamia huduma za watu wenye ulemavu, mtu wa upande wa pili wa meza aliniuliza ningependa fedha za mtoto zisimamiwe kwa njia gani. Walikuwa wameniletea mkalimani wa Kifaransa kwa sababu karatasi zangu zinasema nimetoka Kongo. Mimi ni mtu wa Fizi. Nyumbani tunaongea Kibembe na Kiswahili, na Kifaransa changu kiliishia darasa la nne. Niliona aibu, nikaitikia "ndiyo" bila kujua nimekubali nini. Ndiyo ile ilitugharimu mwaka mzima.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama mkutano wako bado, anza na jambo hili: unapopigiwa simu ya kupangiwa tarehe, sema wazi unataka mkalimani wa Kiswahili. Ukitaka kuwapigia NDIS wewe mwenyewe, piga 131 450, ambayo ni huduma ya wakalimani ya serikali, sema "Swahili", kisha uombe uunganishwe na 1800 800 110. Hulipi kitu. Mkalimani akiwa wa Mombasa na wewe wa Uvira, mwambieni kila mtu aende taratibu. Mtaelewana.

Maelezo machache kwa aliye mgeni kabisa. NDIS ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Inamhusu mwenye ulemavu wa kudumu aliyeomba kabla ya kufikisha miaka 65, ambaye ni raia au mkazi wa kudumu, na sisi tuliokuja kwa viza 200, ile ya wakimbizi, ni wakazi wa kudumu tangu siku ya kutua. Mtu akikubaliwa anapewa mpango wenye mafungu: la msaada wa kila siku, la kujenga uwezo (humo wamo wataalamu wa viungo na wa usemi), na la vifaa kama kiti cha magurudumu. Fedha hizo hazihesabiwi kuwa kipato chako Centrelink, ile ofisi ya serikali ya malipo ya msaada, wala hazikatwi kodi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua akina mama waliokataa kujisimamia kwa hofu kwamba fedha zikipita kwenye akaunti yao watapunguziwa malipo ya kila wiki mbili. Hazipunguzi.

Sasa njia zenyewe. Ziko tatu, na unaweza kuzichanganya.

Ya kwanza, ufunguo unashikwa na NDIA, shirika la serikali linaloendesha NDIS. Mtoa huduma akishamhudumia mtoto anadai malipo yake hukohuko, na wewe hugusi ankara. Ni njia tulivu. Sharti lake ni kwamba kila mtoa huduma lazima awe amesajiliwa na NDIS. Hilo ndilo nililolikubali bila kujua. Mtu pekee aliyeweza kumlisha mwanangu bila kumpalia alikuwa mama mmoja Mrundi wa kanisani kwetu. Alikuwa na cheti cha kuhudumia watu, alikuwa na ABN, ile namba ya kufanyia biashara, lakini usajili wa NDIS hakuwa nao. Basi mwaka mzima tukaletewa vijana wapya kila baada ya wiki mbili tatu. Walikuwa watu wema wenye heshima, ila mwanangu alikuwa akiona sura ngeni anafunga mdomo. Saa nyingi hazikutumika, na mkutano uliofuata nikaulizwa kwa nini.

Ya pili, unaweka meneja wa mpango. Huyu lazima awe amesajiliwa, na kazi yake ni kupokea ankara, kuzikagua, kuzilipa na kukuletea taarifa. Ada yake, ambayo ni zaidi kidogo ya dola 100 kwa mwezi, inawekwa kwenye fungu lake la pekee ndani ya mpango, kwa hiyo haipunguzi hata dakika moja ya mtoto. Mlango unafunguka kwa watoa huduma wasiosajiliwa pia. Kilichobaki ni kikomo cha bei: meneja hawezi kulipa zaidi ya kiwango kilichowekwa na NDIS.

Ya tatu, unajisimamia. Unachagua mtu, mnapatana bei, unadai fedha, unalipa, unatunza karatasi. Vikomo vya bei havikufungi. Kwa mtoto chini ya miaka 18 msimamizi ni mzazi, na kwa mtu mzima ni yeye mwenyewe au mteule wake. Aliyetangazwa kufilisika haruhusiwi, na NDIA inaweza kukataa ikiona kuna hatari kubwa.

Watu watakuuliza ipi bora, na kila mtu atakusifia ya kwake. Mimi nasema usimfuate mtu. Chukua daftari.

Kwa wiki mbili kabla ya mkutano, andika nani anaingia nyumbani kumsaidia mwenye ulemavu na kwa saa ngapi. Andika barua, ankara na barua pepe ngapi zimeingia kwa ajili yake. Andika ni nani nyumbani anayeweza kusoma ankara ya Kiingereza mpaka mwisho. Na andika wewe mwenyewe ulipata dakika ngapi za kukaa ukiwa na akili timamu, hakuna anayekuita, hakuna chungu jikoni. Hili la mwisho watu hulipuuza, na ndilo linaloamua. Mwaka 2020 nilikuwa nafanya usafi wa maofisi usiku, narudi saa saba. Nilipohesabu nilipata dakika 40 kwa wiki nzima. Mtu mwenye dakika 40 hawezi kuwa mhasibu wa mtoto anayehudumiwa na watu saba. Nikachukua meneja wa mpango, na yule mama Mrundi akaanza kazi mwezi uleule. Wiki ya kwanza mwanangu alikula bakuli zima la ugali laini na mchuzi wa samaki. Nililia jikoni.

Ukubwa wa fedha hauamui. Mpango mkubwa wenye ankara tatu kwa mwezi ni rahisi kuusimamia kuliko mpango mdogo wenye ankara 20 za dola hamsini hamsini. Wala Kiingereza hakiamui peke yake. Namba ni namba, na tarehe ni tarehe. Nilikuwa nakagua daftari la wanawake 25, nusu yao hawajui kuandika majina yao, na hesabu zilikuwa zinafunga.

Ukiona meneja wa mpango ndiye anayekufaa, usichukue wa kwanza aliyekupigia simu. Mimi nilifanya hivyo na nikabadilisha baada ya miezi mitano. Wa pili nilimhoji kama ninavyohoji mtu anayetaka kuoa kwetu.

Nilimuuliza kwanza kama nitaiona kila ankara kabla hajailipa. Akisema ndiyo, bado una ufunguo wako mkononi. Akisema "usijali, sisi tunashughulikia", jali. Mwaka 2021 kampuni moja iliyokuwa inatuletea mhudumu wa mwisho wa wiki ilituma ankara ya saa 4 za Jumapili. Alikuwa amekuja Jumamosi. Kwa bei za Julai 2025 tofauti ya siku hizo mbili kwa saa 4 ni dola 114.40. Meneja asingeweza kujua, maana hakuwepo sebuleni kwangu. Niliyekuwepo ni mimi, na kwa kuwa nilitumiwa ile ankara kwanza, niliirudisha.

Nikamuuliza analipa baada ya siku ngapi. Hili si dogo. Mhudumu anayejitegemea anaishi kwa ankara hiyo. Meneja wangu wa kwanza alimkalisha yule mama wiki tano bila malipo, na mtu mzuri kama huyo angeweza kuondoka. Nikauliza taarifa ya mwezi inaonyesha nini: nataka kuona kila fungu lilianza na ngapi, limetumia ngapi, limebaki na ngapi, na kwa mwendo huu litaisha lini. Nikauliza kama kampuni yake, au ya ndugu yake, inauza pia wahudumu au huduma nyingine, kwa sababu mtunza sanduku asiwe mwenye duka. Nikauliza kama wanatumia mkalimani kwenye simu. Na nikauliza nikitaka kuondoka natoa notisi ya siku ngapi, nikaisoma kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Mwaka 2023 mambo yalibadilika nyumbani. Binti yangu mkubwa alimaliza darasa la kumi na mbili, mimi nikapata zamu ya mchana, na Jumapili jioni ikawa yangu. Nikarudia lile zoezi la daftari. Safari hii nilipata karibu saa tatu kwa wiki. Ndipo nilipoomba kujisimamia, kwa fungu la msaada wa kila siku tu.

Sababu nitakuonyesha kwa hesabu. Kwa bei zilizoanza Julai 2025, kikomo cha bei ya saa moja ya mhudumu, mchana wa siku ya kazi, ni dola 70.23. Jumamosi ni 98.83, Jumapili 127.43, sikukuu 156.03. Viwango hivi hupitiwa upya kila Julai. Kampuni nyingi hutoza kikomo chenyewe, na mhudumu anayekuja nyumbani hapati zote. Chukua mfano wa mtoto aliyepewa saa 10 kwa wiki, siku za kazi: ni dola 702.30 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni dola 36,519.60. Sasa ukipatana na mhudumu anayejitegemea, mwenye ABN na bima yake, dola 55 kwa saa, fedha ileile inakupa saa 664, yaani karibu saa 12 na robo tatu kwa wiki. Saa mbili na robo tatu zimeongezeka kila wiki na hukuomba nyongeza kwa mtu. Kwetu sisi saa hizo zilikuwa bwawa la kuogelea la Alhamisi.

Lakini usimbane mhudumu ili uongeze saa. Mwenye ABN anajilipia kodi, bima, akiba ya uzeeni, na siku anazougua hapati kitu. Dola 55 inaonekana nyingi mpaka utoe hayo yote. Na ukitaka kumwajiri mtu moja kwa moja, jua kwamba mbele ya sheria wewe ni mwajiri: kuna kima cha chini cha mshahara, kodi unayopaswa kumkata, mchango wa uzeeni ambao tangu Julai 2025 ni asilimia 12, na bima ya ajali kazini. Kumwita mtu "mfanyabiashara" ilhali unamwendesha kama mwajiriwa hakukuokoi, kwa sababu kinachoangaliwa ni kazi inavyofanyika. Mimi sikutaka mzigo huo, natumia wenye ABN.

Kazi ya kujisimamia ukiizoea haichukui muda mrefu. Nilifungua akaunti ya benki ya mtoto peke yake, isiyoingia fedha nyingine yoyote. Hata kama unaaminika, usichanganye. Siku fedha ya umeme wa nyumba itakapopita humo ndipo utakaposhindwa kueleza. Mhudumu akimaliza wiki yake ananitumia ankara yenye jina lake, ABN, tarehe za kazi, saa alizofanya na kazi aliyofanya. Naingia kwenye programu ya NDIS kwenye simu, nadai kiasi hicho kwenye fungu husika. Fedha huingia mara nyingi ndani ya siku mbili za kazi, ingawa wakiamua kukagua hukawia. Ikiingia namlipa mhudumu, napiga picha risiti, naiweka. Angalia mpangilio huo vizuri: unadai kwanza, unalipa baadaye. Watu wengi wanadhani lazima utoe fedha ya mfukoni halafu urudishiwe, na kwa kuwa hawana wanakata tamaa. Unaweza kufanya hivyo ukitaka, ila si lazima.

Karatasi zitunze miaka 5. NDIA inaweza kukuita wakati wowote kuziona. Mimi nina faili la rangi ya machungwa kwa kila mwaka, na binti yangu anaweka nakala kwenye kompyuta. Usichelewe kudai pia: huduma ikishapita miaka 2 huwezi tena kuidai.

Mambo mawili mapya yamewanasa watu wetu. La kwanza ni la tarehe 3 Oktoba 2024, pale sheria ilipobadilishwa ikaweka orodha ya vitu ambavyo NDIS inalipia na ambavyo hailipii. Kodi ya nyumba, chakula cha kawaida cha nyumbani, bili ya umeme, havimo. Ukinunua kisichoruhusiwa unaweza kudaiwa urudishe, na katika kujisimamia anayedaiwa ni wewe. Kabla ya kununua kitu chochote kipya naitazama orodha. Nikiwa na shaka napiga simu, naandika tarehe na jina la aliyenijibu.

La pili ni vipindi. Tangu Mei 2025 mipango mipya haifunguliwi fedha zote kwa mara moja. Zinatoka kwa vipindi, mara nyingi vya miezi mitatu. Katika ule mfano wetu, dola 36,519.60 zitatoka dola 9,129.90 kila robo mwaka. Zikibaki zinahamia kipindi kinachofuata ndani ya mpango uleule. Zikiisha mapema, unangoja. Sisi tuliokula mgao wa kambi tunalijua hili mwilini: unga wa mwezi ukipikwa kwa wiki tatu, wiki ya nne ni ndefu. Likizo za shule zinakula saa nyingi, kwa hiyo natenga saa za Desemba na Januari tangu Oktoba.

Kuna jambo ningependa tulizungumze sisi kwa sisi. Ukianza kujisimamia habari zitaenea. Atakuja mtu wa kwenu baada ya ibada, amevaa vizuri, amefungua kampuni juzi, akuambie "mama, saini hapa, kila kitu nitafanya mimi." Mwingine atakuambia aandike saa 20, afanye 10, mgawane. Huo ni wizi wa fedha za mtoto wako, na jina lililo kwenye karatasi ni lako. Kataa mbele ya mashahidi. Mwingine ni ndugu kabisa, hana kazi, shangazi amepiga simu kutoka Baraka kumwombea. Hapo moyo unauma. Ndugu wa familia kwa kawaida haruhusiwi kulipwa na fedha za NDIS, isipokuwa hali za pekee sana, kwa hiyo una la kumjibu shangazi bila kuvunja udugu: sheria hairuhusu.

Ambaye si ndugu lakini ni wa kwetu, mpokee kama ungempokea mgeni. Omba cheti cha uchunguzi wa wafanyakazi wa NDIS, na kama ni mtoto, ile Kadi ya Bluu ya Queensland, ya ruhusa ya kufanya kazi na watoto. Kwa asiyesajiliwa NDIS haikulazimishi kuomba hicho cheti cha uchunguzi, lakini wewe omba. Ongea na watu wawili aliowahi kuwahudumia. Mfanyie majaribio ya saa mbili ukiwepo nyumbani. Halafu andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja: bei ya kila siku ya wiki, nini kinafanyika mkiahirisha, notisi ya kuachana. Kuhusu kuahirisha, kampuni nyingi zina haki ya kutoza saa zote za mhudumu ukiahirisha ndani ya siku 7, kwa hiyo kama mtoto wako hulazwa mara kwa mara, zungumza jambo hilo kabla ya kusaini. Mimi na mama Mrundi tumekubaliana siku mbili, na mtoto akilazwa ghafla hanitozi, badala yake namwongezea saa wiki inayofuata. Makubaliano hayo nisingeyapata kwa kampuni. Na mtoto akitendewa vibaya na mtoa huduma yeyote, aliyesajiliwa au asiyesajiliwa, Tume ya Ubora na Usalama ya NDIS inapokea malalamiko kwa namba 1800 035 544.

Leo mpango wa mwanangu una funguo tatu. Msaada wa kila siku nausimamia mimi, kwa sababu humo ndimo kuna watu wanaomgusa, wanaomlisha, wanaomwogesha, na nataka neno la mwisho liwe langu. Wataalamu wako kwa meneja wa mpango. Mtaalamu wa usemi, kwa bei za Julai 2025, ana kikomo cha dola 193.99 kwa saa, ankara zake zina mistari ya ripoti na ya safari, na sheria za safari zenyewe zilibadilika Julai 2025 ili wataalamu watoze nusu ya bei ya saa wanapokuwa njiani. Meneja anazijua hizo kuliko mimi. Naziona kabla hazijalipwa, inatosha. Kiti cha magurudumu cha umeme nilikiacha NDIA. Ni bili moja kubwa, muuzaji amesajiliwa, sikuona faida ya kuishika.

Kubadilisha njia si lazima ungoje mpango uishe. Piga simu, omba, na uandike siku uliyoomba. Kabla ya siku ya mabadiliko hakikisha ankara za zamani zote zimelipwa na kila mtoa huduma amejulishwa tarehe mpya ya kutuma ankara na mahali pa kuzituma. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na ankara mbili za mtaalamu wa viungo zilizunguka miezi miwili hakuna anayezitambua. Wakikukatalia kujisimamia na hukubaliani nao, una miezi mitatu ya kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya NDIA, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mapitio ya Kiutawala, ile ART.

Kama hujui uanzie wapi, anza na meneja wa mpango kwa mwaka mmoja, na kila ankara ipite machoni pako. Mwaka huo ni shule. Utajua bei, utajua majina ya mafungu, utajua nani huandika saa asizofanya. Ukiona mwisho wa mwaka unakamata makosa kabla ya meneja, chukua fungu moja ulisimamie.

Mwanangu ana miaka 15. Akifika 18 mimi sitakuwa tena msemaji wake moja kwa moja, kwa hiyo tumeanza kufundishana. Jumapili jioni nakaa naye mezani na ankara za wiki. Namsomea: huyu alikuja Jumatatu, saa tatu, ni kweli? Anabonyeza ndiyo au hapana kwenye tableti. Mwezi uliopita tulifanya majaribio na vijana wawili kwa ajili ya bwawa la Alhamisi. Mimi nilimpenda mmoja, mpole, anayekuja kabla ya wakati. Mwanangu aliwatazama wote wawili, akabonyeza picha ya yule mwingine, yule mwenye kelele aliyemrushia maji usoni. Nilimuuliza mara mbili. Akabonyeza picha ileile mara mbili. Ankara yake ya kwanza imeingia jana, na nimeilipa.